Mlinzi wa Usiku Si Hakimu

Katika vijiji vyetu vingi watu hawalali vema. Mbuzi huchukuliwa zizini, kuku hutoweka, mihogo hung'olewa shambani kabla mwenyewe hajaionja. Polisi wako mbali, nao wakiitwa usiku hawafiki ila asubuhi. Basi wanaume huagana, wakagawana usiku, wakachukua filimbi, fimbo na sufuria za kugonga, wakawa zamu wa kijiji chao. Je, jambo hili ni jema au ni baya? Na kama ni jema, lafika mpaka wapi?

Wakatekumeni wameniuliza swali hilo mara nyingi, hasa vijana, kwa kuwa wao ndio wanaotumwa kukesha. Nitalijibu kadiri niwezavyo. Lakini kwanza nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, msije mkadhani kwamba nawalaumu watu wa mahali pengine.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua, kijiji nilichokaa kiliibiwa mbuzi tisa katika mwezi mmoja. Shefu alikusanya wanaume, tukapanga zamu, watu sita kila usiku. Usiku wa zamu yangu, yapata saa nane, tulisikia filimbi upande wa kijito. Tukakimbia. Tulimwona mtu akienda mbio, amekumbatia mzigo. Tulimwita, asisimame. Tukamkamata karibu na daraja la miti.

Mtu huyo hakuwa wa kijiji chetu. Alijibu kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisikii vizuri, naye alikuwa akihema. Na yale maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua yalipotea katika kelele zetu. Katika mzigo wake tulikuta vitenge viwili na beseni jipya. Mmoja wetu akasema, «Hivi ni vya wizi. Tazameni, beseni lingali na karatasi ya duka.» Baada ya neno hilo hakuna aliyeuliza tena. Mtu yule alifungwa kamba, akapigwa. Mimi ndimi niliyeshika kamba, tena nilimpiga pia.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja aliyekuja na taa yake. Hakusema kwamba mtu yule hana kosa, maana hakujua. Alisema tu, «Wanangu, ngojeni jua. Kama ni mwizi, asubuhi atakuwa mwizi bado.» Wengine walinung'unika, lakini kwa heshima ya mzee walishusha fimbo. Tukampeleka katika lupango la shefu.

Alfajiri akaja mwanamke kutoka kituo cha afya, akimtafuta. Mke wa mtu yule alikuwa amepelekwa huko jioni ili ajifungue, naye mume alikuwa amerudi nyumbani kuchukua vitenge na beseni ambavyo muuguzi alimwagiza. Alikimbia kwa sababu ya haraka; tena alipowaona watu sita wenye fimbo gizani, alidhani kwamba sisi ndio wezi. Mtoto wake alizaliwa salama, lakini saa ile baba yake alikuwa amelala chini na kamba mikononi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Hatujui ni kwa fimbo ya nani.

Tangu siku ile nimejiuliza: tulikosa wapi? Tulikosa tulipokesha? Au tulipokimbia kufuata filimbi? Au tulipomkamata? Au baadaye? Anayetaka kujua mpaka wa kazi ya zamu na apime hatua hizo moja moja, kama mtu atafutaye mahali ambapo mtumbwi umetoboka.

Kukesha si kosa. Kaini alijifanya kama mtu asiye na kazi ya kumlinda ndugu yake, nasi twajua mwisho wake. Anayelala huku akisikia jirani akiibiwa hawezi kusema kwamba amempenda jirani huyo. Kwa hiyo kukaa macho, kupiga filimbi, kugonga sufuria, kuwasha taa na kuwaamsha wengine, hayo yote ni msaada wa haki, wala hakuna sheria inayoyakataza.

Je, kumkamata mtu? Hapa sheria yaanza kusema. Katika nchi yetu ya Kongo, namna ya kufuata makosa imepangwa katika amri ya tarehe 6 Agosti 1959, ambayo ingali yatumika. Kifungu chake cha 6 chamruhusu mtu ye yote, hata asiye askari, kumshika mwenye kukutwa katika kosa. Lakini ruhusa hiyo ina masharti, na yafaa kila zamu ayajue kwa moyo.

Sharti la kwanza: liwepo kosa lenyewe, tena kosa kubwa, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au zaidi. Wizi umo, maana hata wizi usio na nguvu waweza kuleta kifungo cha miaka 5.

Sharti la pili: kosa lionekane wazi. Yaani latendeka sasa hivi, au limetendeka punde. Au watu wamfuata mkosaji kwa kelele mara baada ya kosa. Au muda mfupi baada ya kosa amekutwa na vitu au silaha zinazomshuhudia. Uvumi hautoshi, wala chuki ya zamani, wala kuwa mgeni.

Sharti la tatu: asiwepo hakimu wala afisa wa polisi mwenye kazi hiyo. Akiwapo, kazi ni yake.

Sharti la nne: aliyeshikwa apelekwe mara moja kwa mkubwa wa sheria aliye karibu zaidi. Sheria haikusema apelekwe baada ya kupigwa, wala baada ya kulipa, wala baada ya siku tatu. Na kama njia ya usiku haipitiki, akili yenyewe yatuambia la kufanya: akae mbele ya shefu na mashahidi, asiguswe, na kukipambazuka safari ianze.

Sasa nipime usiku wetu kwa masharti hayo. Ni nani aliyeibiwa usiku ule? Hakuna. Hakuna aliyetoka nyumbani mwake akisema kwamba mali yake imechukuliwa. Kijana aliyepiga filimbi alikuwa amemwona mtu akikimbia, basi. Tungalimsimamisha na kumwuliza kwa upole. Tungalimtafuta mtu anayejua lugha yake. Tungaliuliza katika nyumba za karibu kama kuna kitu kilichopotea. Hatukufanya hivyo. Tulimfunga mtu kabla hatujapata kosa, kisha tukamwadhibu kabla hatujapata hakimu. Ndipo tulipovuka mpaka.

Yafaa mjue pia kwamba anayevuka mpaka huu si mlinzi tena mbele ya sheria, bali ni mkosaji. Kitabu cha adhabu cha mwaka 1940, katika kifungu cha 67, chasema kwamba mwenye kumkamata au kumzuia mtu pasipo haki, kwa nguvu, hila au vitisho, hufungwa mwaka 1 mpaka miaka 5. Akimtesa mwilini, kifungo ni miaka 5 mpaka 20. Na mateso yakileta kifo, adhabu ni kifungo cha maisha au ya kifo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yaongeza mengine. Kifungu cha 16 chasema utu wa mtu ni mtakatifu. Kifungu cha 17 chasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Kifungu cha 29 chalinda nyumba ya mtu, isiingiwe wala isipekuliwe ila kwa namna ya sheria. Kwa hiyo zamu hana ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu anayeshukiwa, wala ya kumtoza amande, wala ya kuweka kizuizi njiani na kudai fedha kwa wapitao.

Labda mtu atasema, «Mwalimu, hayo ni maneno ya karatasi. Sisi twaibiwa kwelikweli.» Basi tuache karatasi kidogo, tutazame sababu zilizo ndani yake.

Sababu ya kwanza ni giza. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 22, chatofautisha mwizi anayepigwa akivunja nyumba usiku na mwizi anayepigwa jua likiwa limekwisha panda. Katika giza mwenye nyumba hajui kama huyo amekuja kuiba tu au kuua; kwa hiyo pigo lake halihesabiwi kuwa damu juu yake. Lakini jua likiwapo, aweza kuona, aweza kuita watu; akiua, ana hatia ya damu, na mwizi apaswa kurudisha mali tu. Tazameni ya kuwa sheria hiyo ya kale haikusema kwamba usiku hufanya uuaji kuwa jambo jema. Yasema kwamba hofu ya giza yaweza kumtetea mtu asiyeona. Sisi tulikuwa sita, naye mmoja, tena alikuwa katika kamba. Hofu yetu ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni hasira. Yule mzee alipotuambia tungojee jua, alijua kwa busara yake jambo ambalo sheria hiyo yafundisha.

Sababu ya pili ni kwamba aliyeumizwa hawezi kuwa hakimu wa aliyemwumiza. Mbuzi wangu akiibiwa, nataka mtu apatikane; na kutaka huko kwaweza kunifanya nimwone mwizi katika kila mgeni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu binafsi hana ruhusa ya kumwua hata mkosaji wa kweli, maana kazi ya kuadhibu ni ya wale waliokabidhiwa ulinzi wa watu wote. Na tangu mwaka 2018 Katekisimu ya Kanisa yasema kwamba adhabu ya kifo haikubaliki hata mikononi mwa serikali. Basi, ikiwa hakimu mwenye kiti, vitabu na mashahidi hapasi kuua, je, watu sita wenye fimbo kando ya kijito?

Sababu ya tatu twaijua sisi wa mashariki ya Kongo kuliko wengine, kwa kuwa tumeiona. Mlinzi asiye na mpaka huwa mzigo kwa wale aliowalinda. Kumbukeni Raia Mutomboki. Mwaka 2005, katika Shabunda ya Kivu Kusini, watu walioteswa na wanamgambo wa FDLR waliinuka kujilinda. Ni nani atakayewalaumu kwa kutaka kuokoa watoto wao? Lakini tangu mwaka 2011 vikundi vyenye jina hilo vilienea, vikagawanyika, na baadhi yao wakaanza kutoza watu fedha njiani na katika machimbo, na kuwaumiza raia wasio na silaha. Silaha iliyochukuliwa kwa ajili ya kijiji iligeukia kijiji. Ndiyo maana Katiba yetu, katika kifungu cha 190, yahesabu kuwa uhaini mkuu kuunda majeshi ya binafsi au kuweka vijana wenye silaha.

Majirani zetu wa Tanzania walipita njia iliyo karibu na hiyo, lakini mwisho wake ulikuwa tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, waliochoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, walinzi wenye pinde na mishale. Wizi ulipungua mahali pengi, lakini pia watu walipigwa, na wengine wakauawa. Serikali haikuwaacha wafanye wapendavyo. Mwaka 1989 ilitungwa sheria ya kuwaingiza katika utaratibu wa mgambo. Twajifunza nini? Hamu ya watu ya kulinda ni kama maji ya mto, yenye kufaa yakipita katika mfereji. Pasipo mfereji huchukua shamba.

Sasa nafika kwenye neno gumu. Vijana huniambia, «Tukimpeleka mwizi polisi, siku ya tatu twamwona sokoni akitucheka. Basi kuna faida gani?» Neno hilo si la uongo, wala sitalifunika. Wako wakubwa wanaouza haki kwa fedha, na dhambi yao ni kubwa, maana kila mtu anayepigwa na kundi njiani ana sehemu yake katika hesabu yao. Lakini jueni pia jambo jingine. Katiba, katika kifungu cha 18, yasema polisi hawezi kumweka mtu kasho kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au atiwe mikononi mwa mkubwa mwenye haki ya kuendelea na kesi. Sasa fikirini: sisi tumemleta mwizi, tumemsukuma mlangoni, tumerudi nyumbani. Mwenye mbuzi hakwenda kushtaki. Aliyemwona hakutoa ushuhuda. Kamba ya mbuzi imetupwa. Saa 48 zimepita, na karatasi ya afisa haina neno. Afanye nini? Mara nyingine mwizi hurudi kwa sababu ya rushwa. Mara nyingine hurudi kwa sababu mashahidi walibaki nyumbani. Tena mtu akiachiliwa, si lazima kesi iwe imekufa. Aweza kuitwa tena mbele ya tribinali. Na kama afisa ameomba fedha, msiende kumtafuta mwizi kwa mapanga. Andikeni, wawili au watatu pamoja, mkapeleke neno Parke, kwa mwakilishi wa sheria aliye juu ya afisa huyo. Kazi hii huchosha kuliko kupiga mtu. Lakini kesho yake hakuna maiti ya kuzika.

Swali jingine: «Mwizi akija na panga au bunduki, tumngojee jua?» Hapana. Anayeshambuliwa ana haki ya kujilinda na kumlinda mwingine. Tomaso huyo huyo afundisha kwamba kurudisha nguvu kwa nguvu ni halali ikiwa ni kwa kadiri. Nguvu ipitayo haja ya kujiokoa si halali tena. Basi kipimo ni rahisi kukumbuka. Panga likiwa mkononi mwake, wajilinda. Panga likianguka naye amefungwa, kila pigo linaloongezwa si la kujilinda. Ni la kisasi.

Kwa hiyo, ninyi mnaokesha, shikeni desturi hizi. Shefu ajue majina ya wenye zamu wa kila usiku, na polisi wa karibu wajue pia. Mlevi asipewe zamu. Chagueni mmoja wa kusema na wageni, mwenye moyo mtulivu, na ikiwezekana mwenye kujua lugha zaidi ya moja. Mtu akisimamishwa, aulizwe kwanza jina, atokako na aendako. Na zamu waulize kama kuna nyumba iliyoibiwa. Akikutwa katika kosa, ashikwe bila kupigwa, vitu vihesabiwe mbele ya wote na kuandikwa katika daftari, na apelekwe pamoja na mwenye mali na mashahidi. Na katika kila kundi awepo mtu mmoja ambaye wengine wamekubali mapema kumtii akisema «Basi». Siku ile sisi hatukuwa na mtu huyo katika kundi letu. Alitoka nyumbani kwake na taa, kwa bahati yetu.

Mtaniuliza habari za yule mtu. Tulimwendea, sisi sita, siku ya tano. Hatukuwa na maneno mengi. Tulimlimia shamba lake msimu ule, kwa kuwa hakuweza kushika jembe, na tuligawana gharama ya kumtibu. Alitusamehe, au alisema hivyo. Lakini mkono wake haukunyoka vizuri, na ninapokutana naye njiani hunisalimu kwa ule wa kuume, na mimi hutazama ule wa kushoto.

Mbuzi waliibwa tena mwaka uliofuata, nasi tulikesha tena. Ni haki kukesha. Lakini sasa, kabla ya kutoka, huacha kamba nyumbani kwa shefu, na kila mmoja huchukua taa.

Maswali ya kufikiri pamoja:

1. Katika habari hii, ni hatua gani ya kwanza iliyokuwa kosa, na kwa nini?

2. Ni masharti gani manne yanayompa mtu asiye askari ruhusa ya kumshika mkosaji?

3. Katika kijiji chenu, ni nani awezaye kusema «Basi», watu wakamsikia?